Winchi nimeifunga kwenye bampa la fundi, dramu imekuwa ngumu kama imegandishwa. Nimekosea wapi?

#1 Korongo78 (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwenzenu niko Arusha. Nina Land Cruiser Hardtop 78, injini ya dizeli 1HZ, ile isiyo na tabo, na ndiyo inayonilisha: wageni, mizigo ya kambi, msimu ukiwa mbaya hata magunia ya vitunguu. Masika iliyopita nililala korongoni njia ya Engaruka kwenda Natron, maji yanapita chini ya milango, mpaka asubuhi lori la mchanga likanitoa. Nikaapa.

Winchi (mashine ya kulivuta gari kwa kamba inayojiviringa kwenye dramu) nimenunua ya umeme, volti 12, nguvu ya kuvuta paundi 12,000, kamba ya waya. Bampa la kutoka Australia bei yake inatia kizunguzungu, kwa hiyo nikamchorea fundi wa kuchomelea hapa mjini, akalitengeneza kwa wiki moja. Linapendeza, kusema kweli. Jana tumelifunga.

Sasa shida. Winchi ilipokuwa sakafuni, ukifungua klachi inayoiachia dramu unavuta kamba kwa vidole viwili. Baada ya kuifunga kwenye bampa, bolti zote nne zimekazwa, klachi iko wazi, mimi na kijana wangu tunaning'inia kwenye ndoano na dramu inasogea kwa kubembelezwa. Kwa umeme inazunguka, lakini mota inanguruma na taa za mbele zinafifia kama mshumaa. Aliyeniuzia anasema nikiitumia itajilainisha yenyewe. Mnasemaje?

#2 Pasi_ya_Mkaa

Picha mkuu. Uzi wa gari bila picha ni umbea.

#3 Korongo78

Kamera ya simu ina ufa, kila kitu kinatoka kama ukungu wa Ngorongoro. Naomba mnivumilie.

#4 FundiWaBolti

Haitajilainisha. Itaungua.

Mkuu, kabla hujagusa waya hata mmoja, fanya hivi: bolti mbili za upande wa mota zilegeze, zisitoke, zilegee tu nusu mzunguko. Halafu fungua klachi, vuta kamba. Ikiwa dramu imelegea hapo hapo, winchi yako ni nzima, mgonjwa ni bampa.

Winchi za aina hii zina miguu pande mbili: upande mmoja kuna mota, wa pili giaboksi, katikati dramu inaelea, na pande zote mbili zimeunganishwa na vyuma vyembamba tu. Kikalio, yaani bamba ambalo winchi inakalia, kikiwa kimepinda, ukikaza bolti unaivuta miguu ifuate kile kilichopinda. Nyumba ya mota inaangalia huku, ya giaboksi inaangalia kule, dramu inabanwa katikati. Sakafu ya gereji ilikuwa imenyooka kuliko bampa lako, ndiyo maana kule ilizunguka.

#5 Korongo78

@FundiWaBolti umenitoa ushamba. Nimelegeza bolti mbili za mota, dramu imezunguka nusu raundi yenyewe kama inacheka. Nimeazima rula ndefu ya chuma kwa jirani anayetengeneza madirisha ya aluminiamu, nikailaza juu ya kikalio: katikati mwanga unapita, sarafu ya shilingi mia inaingia na kutoka bila kugusa.

Fundi anasema alichomelea vizuri. Na kweli mshono ni mzuri.

#6 FundiWaBolti

Mshono kuwa mzuri ni jambo moja, bamba kubaki limenyooka ni jambo lingine. Chuma kikichomelewa upande mmoja kinapopoa kinavuta. Alitakiwa kulifunga bamba kwenye kitu kizito kilichonyooka, achome vipande vifupi vifupi akihama huku na huku, siyo kuanza mwisho mmoja na kutokea wa pili kama anashona suruali. Kikalio cha winchi nusu milimita ya kupinda ni nyingi tayari.

Usije ukaniambia utaweka washa (kile kipete cha chuma cha bolti) chini ya mguu mmoja. Watu wanafanya, najua. Washa inabeba pale penye tundu tu, mguu wa aluminiamu unabaki hewani, siku ya mvuto mzito unapasuka.

Nijibu matatu: bamba la kikalio lina unene gani? Bampa limeshikwa na chesisi kwa bolti ngapi, za saizi gani? Na vichwa vya bolti za winchi vimeandikwa nini?

#7 Korongo78

Bamba nimepima na kalipa: milimita 3. Bampa limefungwa pale pale lilipokuwa bampa la kiwandani, bolti mbili kila upande, M10. Bolti za winchi zilizokuja kwenye boksi mbili zilipotea, tukanunua za dukani. Vichwani hazina kitu.

(Kimya hiki ninachokisikia ni nyie mnatikisa kichwa?)

#8 Pasi_ya_Mkaa

Sasa sihitaji picha tena.

#9 FundiWaBolti

Kaka, shukuru Mungu dramu iligoma. Ingezunguka ungeenda nayo korongoni.

Paundi 12,000 ni kilo 5,443. Nguvu hiyo haivuti winchi, inavuta kile winchi ilichofungiwa. Bamba la milimita 3 linafaa ganda la bampa, la kuzuia ng'ombe na matawi. Kikalio kiwe milimita 6 kwenda juu, kiwe na mbavu chini, na kikalio hicho kiungane na mabamba ya pembeni yanayokwenda moja kwa moja kwenye mapembe ya chesisi. Mtu aweze kukata ganda lote la bampa kwa grenda na winchi ibaki imeshika gari. Hicho ndicho kipimo changu. Kwenye mabampa mengi ya mitaani, hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ninapofanya kazi nayaona kila wiki, ni kinyume: winchi imeshikwa na ganda, ganda limeshikwa na rangi.

Mabamba ya pembeni yabebe bolti za M12 au zaidi, na zisiwe zote kwenye mstari mmoja, maana mbili zilizopangana zinageuka bawaba.

Za winchi zenyewe ni M10 daraja la 8.8, limegongwa kichwani. 8 ya kwanza inasema bolti inakatika kwenye megapaskali 800, ya pili inasema inaanza kunyumbuka ikifika asilimia 80 ya hapo. Isiyo na maandishi hujui inasema nini. Na urefu: nati inakaa ndani ya mfereji wa mguu wa winchi, bolti ikizidi inagonga juu kabla haijabana, unahisi imekaza kumbe mguu unacheza. Ikipungua inashika meno mawili matatu. Ukishabadilisha bamba kuwa nene, bolti za boksi zinaweza zisitoshe tena, pima upya. Kaza Nm 45 (nyutonimita) hivi kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, siyo kwa bomba na hasira.

Matundu ni milimita 254 kwa 114.3, karibu winchi zote za saizi hii zinafuata hapo, kwa hiyo ukichora bamba jipya hata ukibadilisha winchi kesho itaingia.

#10 Mbogo_wa_Kitengela

Salamu kutoka huku Kenya. Hayo ya chuma amemaliza Fundi, lakini hizo taa zinazofifia hakuna aliyezigusa. Ethi ya winchi, ile kebo hasi, umeifunga wapi?

#11 Korongo78

Kwenye bampa. Kebo nyeusi ilikuwa fupi.

#12 Mbogo_wa_Kitengela

Ndiyo hiyo. Bampa lina rangi, chesisi ina rangi na kutu, umeme wako unapita kwenye bolti nne kama mtu anavuka mto kwa mawe. Winchi ya saizi hii ikivuta mzigo wote inakula zaidi ya ampea 400. Starta yenyewe haili hivyo kwa dakika nzima. Kebo zote mbili, nyekundu na nyeusi, zifike kwenye betri yenyewe. Unene usipungue milimita mraba 35, na kama betri iko mbali weka 50. Weka swichi kubwa ya kukata umeme karibu na betri, kwa sababu kebo hiyo haina fyuzi na inapita mahali ambapo gari likigongwa ndipo pa kwanza kukunjika. Mimi huivisha bomba la mpira na kuifunga kila baada ya shubiri moja, mbali na ekzosi na usukani.

Oltaneta yako ikitoa ampea 80 au 100, zile 300 nyingine zinatoka kwenye betri. Kwa hiyo unapovuta injini iwe inawaka, resi imepanda kidogo, unavuta kidogo, unapumzika, unashika mota kwa mkono. Ikikuchoma, kunywa chai kwanza.

Halafu hakikisha gari ni volti 12 kweli. Kuna Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani zikiwa na mfumo wa volti 24. Kuna jamaa huku alifunga winchi ya 12 humo, ilivuta kwa kasi ya ajabu, mara moja.

#13 Korongo78

Yangu ni 12, betri mbili sambamba. Kebo nitanunua upya.

#14 MzeeWaBJ

Nimesoma huku nacheka. Vijana mnanunua shida. Sisi Hardtop zilikuja na winchi ya gia kutoka kiwandani, shafti inatoka kwenye giaboksi inapita chini mpaka mbele. Haili betri, haichemki, inavuta kutwa. Ikizidiwa inakatika pini, unaweka nyingine, basi.

#15 Mbogo_wa_Kitengela

Na injini ikizimika ndani ya maji, mzee wangu?

#16 MzeeWaBJ

Injini yangu haizimiki.

#17 Mama_Diseli

Shikamoo mzee. Yako haizimiki, zetu zinazimika.

Mimi niko Ifakara, barabara ya Malinyi naijua kwa tumbo. Naomba niseme jambo moja ambalo wanaume wa humu hawajasema, wako kwenye bolti. Kwanza hesabu ya winchi umeipatia: Hardtop ikijaa inakaribia tani 3.3, mara moja na nusu ni karibu tani 5, kwa hiyo winchi ya paundi 9,500 ambayo ni kilo 4,309 isingetosha. Lakini hiyo 12,000 iliyoandikwa ubavuni ni ya safu ya kwanza, kamba ikiwa imebaki mizunguko michache kwenye dramu. Kila safu inayolala juu inapunguza nguvu. Mti ukiwa karibu na kamba yote imejaa, unaweza kubaki na theluthi mbili tu.

Na tope nalo lina bei yake. Likifika kwenye rimu, hesabu unavuta uzito wa gari lote. Likifika kwenye madigadi, mara mbili. Likifika kwenye kabini, mara tatu. Tani 3.3 mara mbili ni 6.6, winchi yako haina. Kwa hiyo nunua puli. Kamba inakwenda kwenye puli mtini na kurudi kwenye gari, mwendo unakuwa nusu, nguvu inakuwa maradufu.

Hapo sasa ndipo namrudisha Fundi kazini: ile ndoano inaporudi kwenye gari inashikwa wapi? Watu wanaitundika kwenye bampa. Bampa linabeba winchi, na bado unaliongezea kamba ya pili. Iwe na sikio lake nene lililofungwa kwenye chesisi. Usitundike kamwe kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Ule ukikatika unaruka kama risasi, na umeshaua watu.

#18 FundiWaBolti

Dada umesema kweli tupu. Masikio mawili, kushoto na kulia, bamba la milimita 20 lipite ndani ya ganda la bampa hadi kwenye mabamba ya chesisi. Lisichomelewe usoni pa bampa.

#19 Bahari_na_Jangwa

Nawasalimu kutoka Muscat. Ewe Korongo, mbona hukutia kamba laini, hii ya nyuzi za plastiki? Nyepesi, yaelea majini, na ikikatika hairudi kumkata mtu kiuno kama waya. Mimi waya niliutupa siku uliponichana kiganja. Kwetu mchangani Wahiba hata mti hakuna, twazika tairi la akiba ndio tulifanye nanga, basi kamba nyepesi ni rehema.

#20 Mbogo_wa_Kitengela

Bahari, nyuzi ni tamu lakini zina masharti. Breki ya winchi nyingi iko ndani ya dramu. Ukishusha gari kwenye mteremko kwa winchi dramu inachemka, na nyuzi hizo zinayeyuka kwenye nyuzijoto kama 145, nguvu zinapungua mapema kabla ya hapo. Jua nalo linazila. Na huwezi kuzipitisha kwenye rola zilizokwisha kukwaruzwa na waya, lazima ubadilishe uweke mdomo wa aluminiamu uliosuguliwa.

#21 Bahari_na_Jangwa

Naam, masharti yapo. Hata mke ana masharti.

#22 Korongo78

Nitabaki na waya kwa sasa, pesa imeishia kwenye chuma. Tope la kule kwetu lina mchanga mkali wa volkano, nahofia ukiingia ndani ya nyuzi utazikata kimya kimya. Glavu za ngozi nimenunua.

#23 Tx_wa_Mbezi

Samahani kuingilia, mimi nina Prado 120 yenye eabegi. Naweza kumpa fundi huyo huyo anitengenezee bampa kama hilo?

#24 FundiWaBolti

Hapana mkuu. Eabegi inategemea sehemu ya mbele ikunjike kwa namna iliyopimwa. Ukiweka reli ngumu iliyoungana na chesisi, unaweza kuichelewesha au kuifyatua bure. Hapo nunua bampa lililotengenezwa kwa ajili ya gari lenye eabegi, hata kama utasubiri mwaka. Hardtop ya Korongo ni ya zamani haina kitu mbele, ndiyo maana tunacheza.

#25 Korongo78 (siku ya tisa)

Wakuu nimerudi. Fundi wangu alinuna siku mbili, halafu akaja na chaki. Tumekata kikalio chote cha zamani. Bamba jipya ni milimita 8, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo, na safari hii alilifunga kwenye boriti la reli kabla ya kuchoma. Tumepima na rula: mwanga haupiti. Mabamba ya pembeni ya milimita 10 yanaingia kwenye chesisi, bolti tatu za M12 kila upande, pembetatu. Masikio mawili. Dramu inazunguka kwa kidole.

Lakini nimepata jipya: mkono wa klachi umeangalia ndani, unagonga bamba la bampa, haufunguki. Tukate tundu?

#26 FundiWaBolti

Usikate! Zungusha giaboksi. Winchi itoke kwenye bampa, ilaze mezani, hesabu bolti zinazoizunguka giaboksi pale inaposhikana na mguu wa dramu. Nyingi zina bolti 10, maana yake kila tundu ukihama ni digrii 36. Fungua taratibu, isimame wima ili gia zisimwagike, zungusha mpaka mkono ukae juu au mbele unapofikika na glavu, rudisha, kaza kwa msalaba. Ukiona grisi imekauka, weka mpya hapo hapo.

Na kiboksi cha rilei (swichi za umeme za winchi) kama kinazuia hewa ya rejeta kihamishe kwenye injini. 1HZ ikipanda Karatu na mzigo inahitaji kila pumzi.

Swali la mwisho: kamba inatoka juu ya dramu au chini?

#27 Korongo78

Mungu wangu. Juu. Kijana aliirudisha kinyumenyume tulipoitoa.

#28 FundiWaBolti

Itoke chini, ilale karibu na kikalio. Ikitoka juu inanyanyua winchi kama mtu anang'oa kisiki, na breki inashika upande mmoja tu: ukigeuza kamba, unaweza kukuta mzigo unarudi nyuma wenyewe. Itoe yote, mizunguko 5 ya mwanzo ipake rangi nyekundu, hiyo isitoke kamwe kwenye dramu. Halafu uizungushe ikiwa na mzigo: ndoano kwenye mti, gari kwenye mteremko mdogo, mtu anagusa breki kidogo, winchi inajivuta. Kamba iliyolala legelege inazama kati ya safu za chini siku ya kazi, na kuitoa hapo utahitaji winchi nyingine.

#29 Pasi_ya_Mkaa

Nimejifunza mengi na sina hata baiskeli.

#30 Korongo78 (wiki ya tano)

Mrejesho kama nilivyoahidi. Giaboksi imezungushwa matundu mawili, mkono uko juu. Kebo 50, swichi iko pembeni ya betri, taa zinafifia kidogo tu. Mbele imeshuka, tumepima sentimita 3 na nusu. Bampa na winchi pamoja vimeongeza kilo zaidi ya mia, kwa hiyo springi za mbele ni mradi wa mwezi ujao.

Juzi njia ile ile ya Engaruka, si mimi niliyekwama, ni mwenzangu na gari la wageni, tope kwenye madigadi. Nikakumbuka hesabu ya Mama Diseli. Gari langu tukalifunga nyuma kwenye mgunga, tukatega puli kwenye gari lake, ndoano ikarudi kwenye sikio la kulia. Wageni tuliwasogeza mbali, koti zito juu ya kamba, boneti nimeinua. Mivuto minne na mapumziko matatu. Liliposogea mara ya kwanza lilitoa sauti kama ng'ombe anayenyanyuka. Nilikuwa naangalia bampa langu, sikuangalia gari lake. Halikutikisika.

Nyumbani nikapitia bolti zote kwa spana ya toki. Moja ya chesisi, upande wa kushoto, ilikubali robo mzunguko. Nyingine zote zilikataa.

Picha kijana amepiga kwa simu yake, nitaziweka akirudi shule. Ile rula ya chuma iko kwa fundi wa bampa hadi leo, anapimia kila kitu, na mwenyewe wa madirisha ameshanipigia mara mbili.